Kabla ya kumwita mtu msaliti

Kwa Mswahili, neno "banda" halina kishindo chochote. Kuna banda la kuku, banda la mbuzi, banda la kuwekea mahindi na banda la fundi wa magari. Lakini ukivuka mpaka pale Moyale, ukafika Addis Ababa, ukamnyoshea mzee kidole huku ukilitamka neno hilo hilo, utakuwa umemtukana tusi ambalo halisahauliki upesi. Sauti ni moja, asili ni mbili. Banda la Waethiopia, au Wahabeshi kama wazee wetu walivyozoea kuwaita, halikutokana na miti na makuti. Lilitoka katika Kiitaliano, ambamo maana yake ni kundi la watu. Na katika jeshi la kikoloni la Italia lilikuwa kundi la wenyeji waliopewa bunduki na mshahara ili wapigane chini ya afisa Mwitaliano, pasipo kuwa askari wa vikosi rasmi.

Nimelianza neno hili kwa sababu ya jambo linalonikera katika insha nyingi za historia ninazopata kuzisoma, za shule na za chuo kikuu pia. Mwanafunzi akiulizwa juu ya nchi yoyote iliyotekwa na adui, iwe Ufaransa ya mwaka 1940 au Ethiopia ya mwaka 1936, huwagawa watu wake mafungu mawili. Huku mashujaa, kule wasaliti. Huandika kwamba "wasaliti walishirikiana na adui", akaweka nukta, akapewa alama zake, akaendelea na swali la pili. Hakuna aliyemuuliza walishirikiana katika jambo gani, mwaka gani, na nani aliyeumia kwa ushirikiano huo. Naona kwamba sisi walimu ndio tuliomfundisha uvivu huu, na kwamba uvivu huu una gharama kubwa kuliko alama za mtihani.

Na tuitazame Ethiopia, maadamu ni jirani yetu na mambo yake twayajua kidogo mno. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia nchi hiyo bila hata kutangaza vita, wakiwemo maelfu ya askari waliotolewa katika makoloni ya Italia yenyewe. Ndege zilimwaga gesi ya sumu juu ya majeshi na vijiji. Jeshi la Mfalme Haile Selassie likavunjika huko Maychew mwishoni mwa Machi 1936. Mfalme akaondoka Addis Ababa tarehe 2 Mei kuelekea uhamishoni. Na tarehe 5 Mei Waitaliano wakaingia mjini. Mwezi Juni Mfalme alisimama mbele ya Ushirika wa Mataifa mjini Geneva kudai haki, asipate cha maana. Ukaanza utawala wa miaka mitano ambao haukuwahi kuituliza nchi nzima.

Katika miaka hiyo mitano Kiamhari kilizaa, au kilipa maana mpya, maneno matatu. La kwanza ni arbegna, linalotamkwa arbenya, yaani mzalendo aliyeshika silaha akaenda porini na milimani. La pili ni hilo banda. La tatu, ambalo ndilo lililonivuta kuandika makala haya, ni yewist arbegna, yaani mzalendo wa ndani. Huyu hakwenda porini. Alibaki mjini chini ya bendera ya Italia, pengine akiwa karani, mfasiri, dereva, mwenye duka au mtumishi wa nyumbani, akipokea ujira wa adui mchana na kupeleka habari, dawa, risasi na pesa kwa wapiganaji usiku.

Hebu msomaji apime uzito wa neno hilo la tatu. Kwa macho ya jirani aliyemwona kila asubuhi akiingia katika ofisi ya Waitaliano, mzalendo wa ndani na banda walikuwa mtu mmoja. Walivaa nguo zile zile, walisujudu mbele ya bwana yule yule. Wazee wa Kiswahili walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hiyo husemwa kama shauri la busara kwa mnyonge, lakini haikutuambia tutawatofautishaje wawili wanaoubusu mkono mmoja, huyu akiutafutia kisu na yule akiutafutia pete. Waethiopia waliitambua tofauti hiyo wakaipa jina. Sisi katika Kiswahili tunayo majina tele ya upande wa aibu: msaliti, mhaini, kibaraka, kikaragosi, shushushu. Kwa huyu wa kati hatuna hata moja, na pengo hilo katika lugha limekuwa pengo katika fikira.

Mfano mkuu wa mzalendo wa ndani ni Shewareged Gedle, mwanamke wa Addis Ababa aliyekusanya fedha, silaha na habari kwa ajili ya wapiganaji. Alikamatwa, akateswa, akapelekwa kifungoni Italia. Aliporudishwa nyumbani aliendelea pale alipoachia. Nasikitika kwamba majina ya wanawake wa namna hii hayamo katika madaftari ya wanafunzi wetu, ilhali kila mwanafunzi humjua Mussolini na kidevu chake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Tarehe 19 Februari 1937, ambayo kwa kalenda yao ni Yekatit 12, Rodolfo Graziani, aliyekuwa akiitawala nchi kwa niaba ya mfalme wa Italia, aliwakusanya maskini wa mji katika uwanja wa kasri la Genete Leul ili awagawie sadaka. Vijana wawili wenye asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakamrushia mabomu ya mkono. Graziani alijeruhiwa lakini hakufa. Sasa, Abraha alikuwa nani? Alikuwa kijana aliyekijua Kiitaliano na aliyeajiriwa na Waitaliano wenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Lau angelikufa kwa homa siku moja kabla ya tukio, historia ingalimwandika banda, na mwanafunzi wetu angaliweka nukta.

Kisasi kilichofuata hakisemeki. Kwa siku tatu Waitaliano waliovaa mashati meusi, pamoja na raia wenzao, waliwachinja wakazi wa Addis Ababa na kuzichoma nyumba zao zikiwa na watu ndani. Serikali ya Ethiopia ilitaja idadi ya watu 30,000. Mwanahistoria Ian Campbell, katika kitabu chake cha mwaka 2017, anakadiria karibu 19,000. Mwezi Mei mwaka huo huo watawa wa Debre Libanos walipigwa risasi kwa mamia kwa amri ya Graziani, kwa tuhuma kwamba waliwahifadhi vijana wale wawili. Wasomi vijana waliokuwa wamerudi kutoka vyuo vya ng'ambo waliwindwa mmoja mmoja, na nchi ikapoteza takriban kizazi kizima cha watu wenye elimu ya kisasa.

Nimeyataja hayo ili isije ikadhaniwa kwamba nataka kuipaka asali habari ya utekaji. Ninachotaka ni kwamba tuwatazame wanadamu waliotiwa katika tanuri hilo kwa macho mawili. Maana wapo waliomfuata adui kwa hiari na mapema, kabla hata ya tanuri kuwashwa. Dejazmach Haile Selassie Gugsa, aliyekuwa amemwoa binti wa Mfalme, alivuka kwenda upande wa Waitaliano siku za mwanzo za vita, Oktoba 1935, akiwa na watu wapatao 1,200, akiwaacha wazi majirani zake katika Tigray. Chanzo kilikuwa kinyongo cha urithi: aliona amenyimwa sehemu ya utawala aliyodhani ni haki yake. Waitaliano wakamtawaza Mekelle. Hapo sina shaka ya kutamka neno usaliti.

Wala sina shaka juu ya Afework Gebre Iyesus, ingawa yeye hunitia majonzi ya aina nyingine kwa kuwa alikuwa mtu wa fani yangu. Ndiye aliyeandika riwaya inayotambuliwa kuwa ya kwanza katika Kiamhari, iliyochapishwa Rome mwaka 1908; ndiye aliyetunga sarufi ya Kiamhari kwa Kiitaliano; alifundisha lugha hiyo Naples; na baadaye aliiwakilisha nchi yake mjini Rome hadi vita vilipoanza. Waitaliano walipoiteka Ethiopia walimpa cheo cha juu cha hakimu. Kwa desturi ya Kihabeshi hakimu mkuu aliitwa Afe Negus, yaani mdomo wa mfalme. Afework akaitwa Afe Qesar, mdomo wa Kaisari. Neno moja tu lilibadilishwa, na mwanaisimu yule aliyeijua thamani ya kila neno la lugha yake akaupokea mdomo huo mpya. Baada ya ukombozi alihamishiwa Jimma, akafia huko mwaka 1947. Riwaya yake ingali inasomwa. Sioni ubaya isomwe, alimradi anayeisoma ajue mwandishi aliishia wapi.

Lakini tukitoka kwa hao wawili, njia huanza kuwa na utelezi. Ras Seyoum Mangasha, mjukuu wa Mfalme Yohannes wa Nne, alipigana na Waitaliano katika vita vya 1935 na 1936; nchi iliposhindwa akajisalimisha; akapelekwa Italia; akarudishwa na kuitumikia serikali yao Tigray; na Waingereza walipokaribia mwaka 1941 akahamia upande wao. Huyu tumwite nani? Aliyapigania, akayakubali, akayatumikia na akayaacha mambo yale yale katika muda wa miaka sita. Na Abebe Aregai, afisa wa polisi aliyeingia milimani Shewa akapigana miaka yote mitano, shujaa asiyepingwa na mtu, naye aliwahi kufanya mazungumzo marefu na Waitaliano walipokuwa wakimtaka asalimu amri. Baadhi ya wanahistoria huona kwamba alikaribia kukubali. Wengine kwamba alikuwa akitafuta pumzi. Kama angalikubali, sanamu yake katika fikira za watu ingalikuwa na sura gani?

Yapo pia makundi mazima ya watu ambayo mwanafunzi huyapita upesi. Waoromo wa Azebo waliwashambulia askari wa Mfalme waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Maychew, na Waitaliano waliwalipa kwa hilo. Huko magharibi, viongozi wa Kioromo walijaribu mwaka 1936 kuomba ulinzi wa Uingereza badala ya kurudi chini ya Addis Ababa. Ni rahisi kulisema neno usaliti hapo. Lakini mkulima wa kusini, aliyekuwa chini ya mfumo wa gebbar, ambamo alimlimia na kumlipa mtu aliyewekwa juu yake na dola, alikuwa na uchungu wake juu ya dola hiyo, na uchungu huo haukuletwa na Mussolini. Mussolini aliukuta, akautumia. Je, mtu anaweza kuisaliti nchi ambayo haijapata kumhesabu kuwa mwenyewe? Swali hili sidai kulifunga hapa. Nadai liulizwe darasani.

Wala mzalendo wa msituni hakuwa malaika. Alikula chakula cha nani? Alikula cha mkulima. Vikosi vya arbegna havikuwa na ghala wala mshahara; viliishi kwa jasho la vijiji, mara nyingine kwa hiari na mara nyingine kwa mtutu wa bunduki. Kijiji kilichompa mpiganaji nafaka usiku kilichomwa na Waitaliano asubuhi, na kijiji kilichomnyima kilionwa kuwa cha mabanda. Vijana wa kundi lililojiita Simba Weusi, wengi wao wasomi na wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Holeta, walilitambua tatizo hili mapema mno. Katika katiba yao ya vipengele 10, waliyoiandika mwaka 1936 nchi ikiwa inaanguka, walijikataza kuwatesa mateka na kuwadhulumu wakulima. Mtu hajikatazi jambo ambalo halimo katika uwezekano. Nawasifu vijana hao kwa katiba ile kuliko ninavyowasifu kwa risasi walizopiga.

Hapa nirudi kidogo kwenye neno jingine, ambalo sisi tunalo na Waitaliano nao walikuwa nalo: askari. Lilitoka katika Kiarabu, likaenea pwani yetu, na Waitaliano wakalitumia kuwaitia wanajeshi Waafrika wa makoloni yao. Askari wa Kieritrea ndio waliobeba sehemu kubwa ya mapigano ya Italia nchini Ethiopia. Wengi walitoroka wakajiunga na upande wa pili. Baadhi yao, pamoja na wakimbizi wa Kihabeshi, walivuka mpaka wakaingia Kenya, wakawekwa katika kambi za Isiolo na Taveta. Waitaliano waliwaita watoro. Waethiopia waliwaita ndugu. Na Waingereza, waliokuwa hawajaingia vitani na Italia, waliwazungushia uzio. Hatimaye, Aprili 1941, walioingia Addis Ababa pamoja na wanajeshi wa Afrika Kusini walikuwemo askari wa K.A.R., vijana wa Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa lugha yao ya jeshi. Mwafrika aliyetawaliwa na Mwingereza alikwenda kumkomboa Mwafrika aliyetawaliwa na Mwitaliano, dhidi ya Mwafrika mwingine aliyevaa sare ya Mwitaliano huyo. Wote wawili waliitwa askari. Jina hilo kwetu limebaki na heshima zake hadi leo, wakati banda limebaki na fedheha, na tofauti baina yao haielezwi na kamusi yoyote.

Mfalme aliingia mji wake mkuu tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie. Aliwakuta wazalendo wenye nywele ndefu na madai marefu, na akawakuta watu waliokuwa wameendesha ofisi chini ya adui wakijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Alihitaji watu wa kuendesha serikali, hasa baada ya wasomi wengi kuuawa. Basi wengi waliomtumikia Mwitaliano walirudishwa katika vyeo, na baadhi ya waliolala mapangoni miaka mitano wakajiona wametupwa. Seyoum Mangasha alirudishwa kuitawala Tigray. Belay Zeleke, mpiganaji mashuhuri wa Gojjam, alitofautiana na serikali juu ya cheo na mamlaka, akaasi, akashindwa, na mwaka 1945 akanyongwa. Haile Selassie Gugsa alishtakiwa akafungwa. Hesabu haikufungwa kwa haki wala kwa wazi, na hesabu isiyofungwa huacha deni.

Deni hilo limelipwa kwa neno. Kwa kuwa hakuna aliyepambanua vizuri nani alifanya nini, neno banda halikubaki kaburini pamoja na waliostahili kuitwa hivyo. Likawa silaha isiyokwisha risasi, ya kumpiga mpinzani yeyote wa kisiasa na, baya zaidi, ya kuwapiga watoto kwa tuhuma za mababu. Vita vya Tigray vilipozuka Novemba 2020, neno hilo lilirushwa tena, safari hii kwa Watigray kwa jumla, kana kwamba Dejazmach yule wa mwaka 1935 alivuka mpaka akiwa amewabeba mgongoni wote waliokuwa hawajazaliwa. Wamesahauliwa Watigray waliopigana na Italia tangu siku ya kwanza. Neno lililoanza kuwa jina la kikosi, likawa jina la kosa, sasa limekuwa jina la kabila. Sisi Wakenya tuliosikia watu wakiitwa "madoadoa" tunajua safari ya namna hiyo huelekea wapi.

Ndipo ninapowageukia walimu. Mimi ni mtu wa isimu, na pendekezo langu ni la kiisimu. Tumtake mwanafunzi atumie kitenzi kabla ya kumruhusu kutumia nomino. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali uvivu. Ukiandika "aliwasaliti", umelazimika kuweka a- ya mtenda, -li- ya wakati na -wa- ya waliotendwa. Nani? Lini? Akina nani waliumia? Maswali matatu yamo ndani ya neno moja, nawe huwezi kuyakwepa bila kulivunja. Ukiandika "msaliti", yote matatu yametoweka, umebaki na mtu aliyepigwa muhuri pajini. Tena muhuri wenyewe hurithishwa, kwa maana ni rahisi kusema "mtoto wa msaliti" na ni vigumu kumtungia mtoto huyo sentensi yenye kitenzi chake mwenyewe.

Jaribu kipimo hicho kwa watu niliowataja. Haile Selassie Gugsa anajaza nafasi zote tatu pasipo taabu: yeye, Oktoba 1935, na watu wa Tigray walioachwa bila kinga. Karani wa posta wa Addis Ababa aliyeendelea kugonga mihuri ya barua chini ya Waitaliano ili watoto wake wale, huyo kitenzi hukwama kooni, kwa sababu nafasi ya waliotendwa iko tupu. Ras Seyoum anatulazimisha kuandika sentensi nne badala ya moja, na hivyo ndivyo inavyopasa. Na Abraha Deboch anatoka kabisa katika nomino ya banda na kuingia katika kitenzi alichokifanya mwenyewe mbele ya kasri.

Najua litakaloulizwa. Mwalimu mmoja atasema kwamba hii ni njia ya kuwaosha wasaliti, kwamba tukianza kusema "mambo yalikuwa magumu" hatutamhukumu mtu yeyote. Hoja hii ina uzito na sitaki kuidharau. Katika nchi nyingi zilizotekwa, waliokula na adui ndio waliokuwa wa kwanza kusema baadaye kwamba kila mtu alikula. Lakini kitenzi hakimwoshi mtu; humwanika. Anayejificha ndani ya neno "tulishirikiana kwa kuwa hatukuwa na hila" hutolewa nje na swali la nani aliumia. Afework aliyeitwa banda anaweza kujitetea kwamba waliitwa wengi. Afework aliyekipokea cheo cha mdomo wa Kaisari katika nchi ambamo watawa walipigwa risasi kwa amri ya mwakilishi wa Kaisari huyo, huyo ajitetee vipi?

Na walimu wa Kenya wana sababu yao ya karibu. Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 tulikuwa na homugadi, na tulikuwa na yule aliyeitwa gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lililotobolewa matundu ya macho, aliyeketishwa mbele ya foleni ya wanakijiji ili atikise kichwa. Jina lake ni la gunia. Mtu mwenyewe hana jina. Chama cha Mau Mau kiliendelea kupigwa marufuku katika sheria zetu hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, kwa hiyo hata fungu la mashujaa hatukuweza kulijaza kwa uhuru, seuze hilo jingine. Leo wajukuu wa pande zote mbili huketi dawati moja. Wapo homugadi waliochoma nyumba na kunyakua mashamba ya waliokuwa kizuizini. Hao vitenzi vyao tunavijua. Wapo pia waliokula kiapo, wakavaa kitambaa cha homugadi mkononi na kupitisha chakula na risasi usiku. Waamhari wangaliwaita wazalendo wa ndani. Sisi hatukuwapa jina, basi hawakupata hata mstari mmoja katika kitabu. Napendekeza tuliazime jina hilo la Kihabeshi kwa tafsiri yake, kama Kiswahili kilivyoazima mengi kabla yake bila kupungukiwa.

Anayepata nafasi ya kufika Addis Ababa na alitembelee kasri la Genete Leul, pale Sidist Kilo, karibu na mnara wa kumbukumbu ya Yekatit 12. Ndipo Graziani alipotupiwa mabomu. Katika ukumbi wake wa kijani, Desemba 1960, waasi waliojaribu kumpindua Mfalme waliwafungia mateka wakubwa wa serikali, na mapinduzi yalipokwama wakawamiminia risasi. Miongoni mwa waliokufa humo walikuwemo Ras Abebe Aregai, aliyekuwa milimani miaka mitano, na Ras Seyoum Mangasha, aliyeitumikia Italia. Mwaka uliofuata Mfalme alilitoa kasri hilo liwe chuo kikuu, na sasa ndimo ilimo Taasisi ya Taaluma za Ethiopia, wanafunzi wakiingia na kutoka na vitabu vyao.